Wingu la ziwani si mbu wa malaria
Wengi tuliokulia kando ya ziwa hapa Mwanza tuliambiwa kwamba lile wingu jeusi linalosimama juu ya maji kama moshi ni mbu, na likifika nchi kavu linaleta malaria. Sivyo. Ni wadudu wadogo wa ziwani, jamaa wa mbu kweli, lakini hawaumi mtu. Mabuu yao hukulia majini na kwenye tope la chini, kisha huibuka kwa pamoja, mara nyingi mwezi unapoandama. Madume hukusanyika hewani kusubiri majike. Baada ya siku chache wamekufa. Ni wepesi mno: upepo wa mchana utokao ziwani ndio unaowasukuma hadi Igombe au Kapripointi. Mbu wa malaria, Anofelesi, huzaliana hata kwenye vidimbwi vya mvua nyuma ya nyumba zetu.