Mwandiko mzuri hauuzi muswada: dhana potofu za kupeleka kaunta buku kwa mchapishaji

Kuna watu wanaamini kabisa kwamba ukiandika riwaya yako kwa mkono, mwandiko wa kulala mzuriii, vichwa vya sura umevizungushia maua, mhariri akifungua tu atasema huyu yuko siriasi. Wapi! Akiona kaunta buku anachowaza ni nani atalichapa na kwa hela ya nani, maana bila faili la Word hawezi kuhesabu maneno, hawezi kutafuta kama jina la mhusika umeliandika vilevile sura ya tatu na sura ya kumi, hawezi kukuwekea marekebisho pembeni ukayaona, na msanifu wa kurasa hana cha kuingiza kwenye InDesign, ile programu ya kupanga kurasa za kitabu. Kazi inaweza kuwa tamu na isisomwe.

"Mbona wakubwa waliandika kwa mkono?" Ndiyo, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwenye toilet pepa gerezani Kamiti mwaka 1978, ila yule alikuwa kizuizini, wewe una simu mkononi. Rasimu ya kwanza andika hata kwenye mfuko wa unga, hapa tunaongelea kile unachotuma.

Halafu hii ya "nakala ya mkono ndo ushahidi wangu, nikichapa wataniibia". Hakimiliki unayo tangu ulipoiandika kazi, iwe kwa kalamu au kwa kompyuta, sheria ya Tanzania ni ya 1999 na ya Kenya ni ya 2001. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunaongeza nguvu kwenye ushahidi, basi. Hatari yenyewe ni kutuma kaunta buku ambalo huna kopi yake, likipotea kwenye basi umeumia.

Na kupiga picha kurasa zote ukaziunganisha PDF hujachapa kitu, hizo ni picha tu, mhariri hawezi kugusa hata koma.

Wengine wanadhani wakipeleka steshenari wamemaliza. Mchapaji pale ana foleni ya CV na barua za kazi, e yako ya haraka anaiona i, bibi "alimlea" mjukuu anakuwa "alimlia", ng'ombe anapoteza king'ong'o chake anakuwa "ngombe", na kwenye shairi akiruka neno moja mizani imekwisha. Kaa na mtu, mmoja asome kaunta buku kwa sauti mwingine afuate kwenye skrini. Au jisomee mwenyewe, kibodi ya Google kwenye simu inasikiliza Kiswahili na kukiandika, utasahihisha ila si sana. Mapambo yote toa: A4, Times New Roman 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa.

Ila kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko, ina nafasi yake, tusidanganyane. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi kwa herufi za Kiarabu, watafiti wa Ulaya kama Ernst Dammann wakazichukua kwake, na miswada yake mingine iko chuo cha SOAS, London mpaka leo. Kama hati yenyewe ndiyo kazi unayotaka watu waione, liseme hilo mapema kwenye barua, tuma kurasa chache zilizoskaniwa kwa dpi 300 pamoja na maneno yake yote yakiwa yamechapwa, na ile orijino ibaki kwako mpaka mkataba usainiwe.