Kukata moto wakati wa kutoa gia: maana yake kwenye boti ya injini ndani, mguu nje

Mwenye boti kuukuu yenye injini ndani na mguu (sehemu inayoshuka majini ikibeba propela) nyuma ya tezi, yaani upande wa nyuma wa boti, huwa na lalamiko moja: gia inaingia vizuri, kuitoa ndiyo kazi. Mpini unakuwa mzito, anauvuta, injini inakohoa, kisha ama gia inachomoka kwa kishindo ama injini inazima kabisa, na gati liko mita 10 mbele yake. Wengi hapo husema gia zimekwisha. Mara nyingi gia ni nzima. Kinachosumbua ni utaratibu ambao wengine hawajui hata kama upo: kukata moto wakati wa kutoa gia.

Maana yake ni hii. Unaporudisha mpini kwenye nyutro, swichi ndogo iliyo kwenye injini hukata umeme wa plagi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Injini haizimi, inakosa mipigo michache tu, inalegea, kisha inashika tena. Gia inatoka katika ulegevu huo.

Kwa nini isitoke bila ulegevu? Jibu liko ndani ya mguu, chini kabisa, kwenye shafti ya propela. Pale kuna gia mbili zinazotazamana, moja ya kwenda mbele na moja ya rivasi. Zote zinazungushwa na gia moja ndogo inayotoka juu, kwa hiyo injini ikiwaka nazo zinazunguka muda wote, hii kulia na ile kushoto, hata kama propela imetulia. Katikati yao kuna kipande cha chuma chenye meno, kinachoteleza juu ya mifereji ya shafti. Kikisogezwa mbele kinang'ata gia ya mbele, kikirudi nyuma kinang'ata ya rivasi, kikibaki kati hakishiki kitu. Hiyo ndiyo klachi ya meno. Haina sahani za kusuguana kama klachi ya gari, wala kitu cha kulinganisha kasi. Ni jino kwa jino.

Sasa kunja vidole vya mikono yote miwili kama kulabu, vinasishe, uvute mikono kwa nguvu pande mbili. Ukiwa bado unavuta, jaribu kuvitelezesha vidole kwa ubavu ili viachane. Haviachani. Punguza kuvuta kidogo tu, vinatoka vyenyewe. Meno ya klachi yako hivyo hivyo. Injini inayasukuma, propela iliyo majini inayapinga, na msuguano unayabana yasiteleze. Kuyachomoa kwa mkono wakati injini inasukuma ni kulazimisha chuma.

Mguu wa MerCruiser Alpha One ndio mfano unaojulikana zaidi wa mfumo huu, na OMC Cobra nayo ina klachi ya meno inayosaidiwa kwa kuvuruga moto wa injini. MerCruiser Bravo na miguu mingi ya zamani ya Volvo Penta hutumia klachi ya koni iliyowekwa juu, inayoshika kwa msuguano badala ya meno, na hiyo haihitaji msaada huu. Jua kwanza mguu wako ni wa aina gani kabla hujaanza kutafuta swichi ambayo haipo.

Swichi yenyewe inajuaje wakati wa kukata? Hapa ndipo penye siri yote. Kwenye injini kuna bamba ambapo kebo mbili zinakutana, moja inatoka kwenye mpini wa nahodha na nyingine inakwenda kwenye mguu. Kati ya kebo hizo kuna wenzo unaoshikiliwa na springi, nao una pengo la umbo la V. Ndani ya pengo hilo kunakaa kigurudumu cha swichi. Kebo ya mguu ikisogea kwa wepesi, kigurudumu kinatulia ndani ya V. Meno yakibana na kebo ikawa nzito, springi inazidiwa, wenzo unainama, kigurudumu kinapanda ukingo wa V na swichi inabonyea. Moto unakatika, meno yanaachia, uzito unaisha, kigurudumu kinarudi bondeni.

Kwa hiyo swichi haijui gia iko wapi. Inachopima ni uzito, na uzito wa meno yaliyobana haiwezi kuutofautisha na uzito wa kebo iliyoshika kutu.

Na kebo ya mguu ndiyo inayoteseka kuliko zote. Inapita kwenye tezi, inaingia kwenye mpira mdogo wa mikunjo ulio chini ya maji, na kila usukani ukizungushwa nayo inapindwa. Mpira ukipasuka au ganda la kebo likichanika, maji yanaingia na waya wa ndani unaanza kukwaruza. Ukiichomoa kebo iliyochoka utaona vumbi jekundu mdomoni, na ukiusukuma waya kwa kidole utauhisi ukigoma, ukiachia, ukigoma tena. Uzito huo unatosha kuinamisha wenzo hata meno yakiwa huru. Ndiyo maana injini inakatiwa moto wakati wa kuingiza gia, jambo ambalo halipaswi kutokea. Ndiyo maana pia inazima wakati wa kutoa: kigurudumu kimekwama juu ya ukingo na hakirudi.

Watu hutafuta njia mbili za mkato, na zote mbili zinaniuma nikiziona. Ya kwanza ni kuchomoa waya wa swichi ili injini isizime. Kuanzia hapo kila kutoa gia ni kung'oa meno yaliyobana, kingo zake zinaliwa mpaka zinakuwa duara, na siku moja gia inajitoa yenyewe ukiwa umekanyaga mwendo. Hapo ndipo kebo iliyopuuzwa inageuka kuwa kazi ya kufungua mguu mzima. Ya pili ni kupandisha sailensa, yaani kasi ya injini ikiwa haijaongezwa mafuta. Injini nyingi za petroli za aina hii hupangiwa mizunguko kama 650 hadi 700 kwa dakika zikiwa ndani ya gia. Fuata kitabu cha injini yako. Ukiipandisha hadi 1,000, meno yanagongana kwa kasi zaidi na kishindo kinaongezeka.

Kutafuta kosa ni kutenganisha. Zima injini, toa ufunguo uuweke mfukoni. Fungua kebo zote mbili pale kwenye bamba. Mtu asogeze mpini: ukiwa bado mzito, kosa liko kwenye kebo ya mpini au kwenye boksi la mpini, na mguu hauna hatia. Ukiwa mwepesi, shika ncha ya kebo ya mguu uisukume na kuivuta kwa vidole huku mwenzako akizungusha propela polepole kwa mkono. Propela lazima izunguke, kwa sababu meno yasipokutana na nafasi zake gia haitaingia, na ukilazimisha utapinda kitu. Kebo isiyo na kasoro inakwenda bila kukwaruza. Ikiwa nzito na huna uhakika kama uzito ni wa kebo au wa mguu, mguu ukitolewa kila kimoja kinapimwa peke yake.

Kebo iliyoliwa na kutu haitibiki kwa mafuta. Badilisha, uipime urefu kama kitabu kinavyoagiza, maana kebo isiyofika mwisho huacha meno yaking'ata nusu. Mpira wake ubadilishwe wakati huo huo. Ukipasuka, maji hupata njia ya kuingia ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa kwenye maegesho.

Swichi nayo ipime. Washa feni ya kutoa hewa ya ngamani kwa dakika 4 kwanza, kwa ajili ya mvuke wa petroli, hakikisha injini inapata maji ya kupoza, kisha iwashe ikiwa nyutro. Bonyeza swichi kwa kidole: injini ikohoe au izime. Isipobadilika, swichi au waya wake umekufa.

Kilichobaki ni mkono wa nahodha. Klachi ya meno haitaki kubembelezwa. Shusha injini hadi sailensa, halafu sogeza mpini kwa mkupuo mmoja, kwa kuingia na kwa kutoka. Ukisogeza taratibu, meno yanasuguana ncha kwa ncha na utasikia krrr. Mlio mmoja wa "ko!" wakati wa kuingia ni wa kawaida. Wakati wa kutoka, tega sikio: sauti ya injini hushuka kidogo, mara moja, kisha inarudi palepale.