Cairo ya Illinois: mto umesingiziwa

Dhana iliyoenea ni kwamba mafuriko ndiyo yaliyoua mji wa Cairo, kwenye ncha ya kusini ya jimbo la Illinois, Marekani, Mto Ohio unapoingia Mississippi. Hapana. Mwaka 1937 Ohio ilizamisha miji mingi, lakini Cairo ilinusurika: watu waliongeza kimo cha ukuta kwa mbao na mifuko ya mchanga, maji yakakomea hapo. Mwaka 2011 wahandisi wa jeshi walilipua tuta la Birds Point, ng'ambo ya mto katika jimbo la Missouri, na kuachia maji yafunike ekari zipatazo 130,000 za mashamba ili mji upone. Upande wa kaskazini lipo lango kubwa la chuma linaloshushwa kuziba barabara maji yakipanda.

Wengine hulaumu daraja la reli la 1889, eti treni zilianza kupita bila kusimama. Mbona mwaka 1920, miaka 31 baadaye, mji ulikuwa na watu 15,203?

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: kwamba weusi waliua mji kwa kususia maduka kuanzia 1969. Kufikia 1960 wakazi walishabaki 9,348, na mgomo haujazaliwa. Halafu, waligoma kwa nini? Wenye maduka walikataa kuwaajiri. Mwaka 1967 Robert Hunt, askari kijana mweusi, alikutwa amekufa katika kituo cha polisi. Polisi wakasema amejiua, jamaa zake wakakataa kuamini. Bwawa la kuogelea nalo lilifungwa ili weupe na weusi wasichanganyike majini. Wenye maduka wengi waliona heri kufunga kuliko kumweka mweusi kaunta. Kumtwika mgomaji lawama ya uamuzi huo ni dhuluma.

Mwaka 1978 barabara kuu ya 57 ikapata daraja lake na kuuacha mji pembeni.

Msomaji wa Kenya, akisikia Cairo ni makao makuu ya kaunti, huenda akawaza gavana na bajeti nono. Illinois ina kaunti 102, na gavana mmoja tu, wa jimbo. Kaunti ya Alexander, ambayo makao yake makuu ni Cairo, ilikuwa na watu 5,240 mwaka 2020. Cairo yenyewe 1,733. Makao makuu huko ni mahakama na masijala: hati ya shamba lililoko Thebes, mji ulioshika nafasi hiyo kabla yake, bado husajiliwa Cairo.