Je, wajua kwa nini herufi za katuni yako huota vumbi ukishaiposti?

Umechora katuni yako vizuri, mistari myeusi safi, maneno kwenye kiputo yanasomeka bila shida, unaiposti, unaifungua kwa simu na kila herufi imezungukwa na vumbi la kijivu kama imeandikwa kwa kipande cha makaa. Kwa nini?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa DPI, ile namba ya nukta kwa kila inchi. Niliamini ukiweka 300 picha inatoka kali na ukiweka 72 inaingia ukungu, na nimewaambia hivyo wachoraji kadhaa hapa Nairobi. Sivyo. DPI ni maagizo ya printa peke yake, inamwambia fundi wa kuchapisha wa River Road kila inchi ya karatasi ibebe nukta ngapi. Chukua picha ya pikseli (vile vinukta vya rangi vinavyoiunda) 1080 kwa 1350: kwa 300 itachapwa na upana wa inchi 3.6, kwa 72 itakuwa inchi 15, lakini kwa simu ni picha ile ile, pikseli zile zile, simu haiangalii hiyo namba hata kidogo. Sufuria moja ya pilau unaweza kuiandikia "ya watu kumi" ama "ya watu hamsini", pilau yenyewe haijaongezeka.

Na hii imani inaumiza kazi za watu, ndiyo maana naing'ang'ania. Mtu anachora ukurasa wa A4 kwa 300, yaani pikseli 2480 kwa 3508, anaona amejikinga. Halafu mtandao unaupunguza hadi upana wa 1080, na herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 40 inabaki na 17 hivi. Hapo "e" na "o" zimeanza kufanana kabla hata vumbi halijafika.

Sasa vumbi lenyewe. Linatoka kwa JPEG, mtindo wa kubana picha uliopitishwa 1992 kwa ajili ya picha za kamera. JPEG inakata picha kuwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na kila kiboksi hakihifadhiwi pikseli moja moja, kinaelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi, mengine mapana yanayopanda na kushuka polepole, mengine membamba ya harakaharaka. Fikiria matatu yenye muziki ikipita barabara ya pili: besi unaisikia mpaka kifuani, lakini ule mlio mwembamba wa matoazi umepotelea njiani. JPEG inafanya hivyo makusudi, inatunza besi na kupunguza matoazi, kwa sababu jicho halitambui sana. Anga la jioni ama shavu la mtu ni besi karibu tupu, kwa hivyo picha ya kamera inatoka salama. Lakini mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe, pale weusi unapokatika ghafla, umejaa matoazi. Na yale mawimbi membamba ndiyo yalikuwa yakisawazisha weupe wa pembeni, kwa hivyo yakiondolewa weupe unabaki na mikunjo kiboksi kizima, na mikunjo hiyo ndiyo vumbi. Vuta karibu herufi moja uone, vumbi linaishia kwenye ukingo wa kiboksi kama limepigiwa rula.

Kwa hivyo chora kwa upana unaogawanyika vizuri, mfano 2160, upunguze mwenyewe hadi 1080, kisha andika maneno baada ya kupunguza, si kabla. Ukienda Webtoon, jukwaa la katuni za mtandaoni, kipande kimoja kinaishia pikseli 800 kwa 1280, basi panga herufi kwa hiyo 800 tangu mwanzo. Hifadhi kwa PNG, mtindo mwingine wa kubana picha, yenyewe haitupi kitu, na mistari na rangi bapa inazibana vizuri sana. Mitandao mingi itaigeuza kuwa JPEG hata hivyo, lakini angalau itabanwa mara moja badala ya mara mbili. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti, itafika ilivyo.

Na maneno yaache meusi juu ya nyeupe. JPEG mara nyingi hupunguza rangi zaidi ya inavyopunguza mwanga, pikseli nne zinagawana rangi moja, ndiyo maana herufi nyekundu juu ya buluu huvuja pembeni kama wino kwenye tishu, hata pale nyeusi ya jirani imesimama imara.