Jeraha wazi na jeraha funge: tofauti yake na huduma ya kwanza

Jeraha ni kuumia kwa mwili: ngozi, nyama, mishipa au kiungo cha ndani kimeharibika kwa kukatwa, kudungwa, kugongwa au kubanwa. Kinachoamua aina yake ni ngozi. Ikipasuka, hilo ni jeraha wazi. Ikibaki nzima huku kilicho chini yake kimeumia, hilo ni jeraha funge, ambalo wengi wetu huliita tu maumivu ya ndani.

Jeraha wazi lina hatari mbili, damu kutoka na uchafu kuingia, na angalau ya kwanza unaiona. Jeraha funge laweza kukuficha yote. Ndiyo maana pikipiki ikianguka pale Kongowea, hapa Mombasa, watu humkimbilia abiria aliyejaa damu usoni, na yule aliyekaa kando ameshika tumbo, kimya, anafikiwa mwisho. Uso una mishipa mingi midogo, hata mkato mdogo hutoa damu ya kutisha. Aliyenyamaza ndiye anayenitia wasiwasi.

Majeraha wazi hayafanani. Mchubuko ni ngozi ya juu kukwanguliwa, kama mtu anapoburuzwa na lami: unawaka sana ila damu ni kidogo. Mkato ni wa panga la muuza madafu au kisu cha kuparia samaki. Kingo zake zimenyooka na damu huja kwa wingi. Bati au senyenge huacha mpasuko, kingo zimechanikachanika. Halafu kuna jeraha la tundu, la msumari, mwiba mkubwa au ncha ya kifuo mtu anapofua nazi. Hili linadharauliwa kwa kuwa mdomo wake ni mdogo na damu hukoma mapema, na kumbe uchafu umepelekwa ndani kabisa.

Tuanze na damu. Dawa yake ni kubana. Leso iliyofuliwa inatosha: ikunje, iweke juu ya jeraha, ukandamize kwa kiganja dakika 10 mfululizo. Usifunue kuchungulia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu damu ikianza kuganda huishika nguo, na ukifunua unaung'oa utando ule na kuanza upya. Nguo ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Mkono au mguu usiovunjika uinue upite usawa wa moyo. Ili kujikinga na damu ya mwenzako vaa glavu, na ukikosa, nailoni ya mkate itakusitiri. Kwa mtu aliye Likoni anayesubiri feri avuke kwenda hospitali ya rufaa ya Makadara, mkono huo unaobana ndio unaomnunulia muda.

Kamba nyembamba juu ya jeraha haifai. Inakata ngozi na haizuii damu vya kutosha. Kufunga kwa kukaza ni kwa damu inayochuruzika kwa kasi mkononi au mguuni na imekataa kusimama kwa kubanwa. Hapo tumia kitambaa kipana, funga kati ya jeraha na kiwiliwili, usifunge kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko, uandike saa uliyofunga, na usikifungue njiani. Na kitu kilichozama mwilini, kiwe kigae cha chupa au chuma, kiache palepale, maana huenda ndicho kinachoziba mshipa. Bana kandokando yake, umpeleke mgonjwa nacho. Kidole kikikatika, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, tia ndani ya nailoni, kisha nailoni hiyo iweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu.

Uchafu unafuata. Jeraha dogo lioshe kwa maji yanayotiririka, yale unayoweza kuyanywa, si ya kisima cha chumvi. Sabuni ipite kandokando. Kausha, funika kwa shashi au plasta. Nawaomba watu wa pwani tuache kupeleka jeraha baharini likapone: maji ya mwambao yenye joto, hasa karibu na mifereji ya mji, yana vijidudu vinavyooza nyama. Dawa ya meno, majivu, kahawa na mafuta taa navyo havina kazi hapo. Hata spiriti ikimiminwa ndani ya jeraha hudhuru nyama changa inayojaribu kuziba.

Kung'atwa na mbwa kuna sheria yake: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni alama ya jino moja. Paka wa Mji wa Kale nao wamo katika hesabu hii, kwani kichaa cha mbwa hakibagui.

Pepopunda inastahili maneno zaidi. Kijidudu chake hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, na hustawi mahali pasipo hewa, ndiyo sababu tundu la msumari linakifaa sana. Kutu yenyewe haina sumu. Hatari ni udongo ulioshika msumari. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, taya likikaza na mdomo ukigoma kufunguka, wakati kidonda huenda kimeshasahaulika. Aliyekamilisha chanjo huchanjwa tena akipata jeraha chafu au la kina ikiwa imepita miaka 5 tangu sindano ya mwisho. Kwa jeraha safi na dogo ni miaka 10. Asiyekumbuka alichanjwa lini aende tu.

Sasa jeraha funge. La kawaida ni damu kuvilia: mishipa midogo imepasuka chini ya ngozi, panavimba na kubadilika rangi, kwanza wekundu au weusi, baadaye kijani, kisha manjano, mwili ukiivunjavunja damu ile. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani vizuri, kwa hivyo papasa ulinganishe na upande mzima: pana joto, pamekuwa pagumu? Pumzisha mahali hapo, painue, weka barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hivi, urudie baada ya saa mbili tatu.

Najua mama au shangazi atakuwa ameshatenga maji ya moto. Kukanda na kuchua kwa mafuta ya nazi ni mapenzi, lakini katika siku mbili za mwanzo joto hufungua mishipa na kuchua huitonesha, uvimbe ukazidi. Shangazi angoje siku ya tatu, uvimbe ukiwa umeanza kushuka.

Kuna damu nyingine isiyofika kwenye ngozi. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na paja lililovunjika pekee laweza kuzuia lita moja au zaidi ndani yake bila tone kuonekana nje. Tumbo na kifua huficha zaidi. Mkwezi akianguka kutoka juu ya mnazi kisha akasema "sina kitu", usimwache aende zake. Mtazame: jasho la baridi, midomo kupauka, mapigo ya moyo ya haraka na hafifu, kiu kali, tumbo kuwa gumu au kuuma likiguswa, damu kwenye mkojo. Akigonga kichwa, hofia kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, na endelea kumwangalia hadi kesho yake.

Ukiona mojawapo ya hayo, piga 999 au 112 ukiwa Kenya, au tafuta gari mara moja. Kama shingo au mgongo unauma, asiinuliwe wala kupakiwa kwenye tuktuk kwa kukunjwa. Abaki alivyo mpaka wapatikane watu wa kumbeba amenyooka. Mfunike asipate baridi. Usimpe maji wala chai hata akikulilia kiu, kwa sababu huenda akaingizwa chumba cha upasuaji akiwa amefika tu. Mlowanishe midomo, na mweleze daktari ameanguka saa ngapi na kutoka urefu gani.