Bagamoyo sio ile ya darasani tu: mambo wageni wanayodanganyana, na ukweli wake

Mimi ni mtoto wa Dunda, Bagamoyo, sasa hivi nahangaikia maisha Dar, na kila mwisho wa mwezi hakosi mtu wa kazini wa kuniambia "twende kwenu bana tukapunge upepo". Tunaenda. Na kila safari nasikia maneno yale yale, tena mtu anayasema kwa uhakika kabisa mbele ya bibi yangu, bibi mwenyewe kanyamaza anatafuna tambuu yake. Sasa leo nayaandika yote hapa, nikiulizwa tena natuma hii hii.

"Watumwa walikuwa wakifika wanabwaga mioyo, ndo maana ikaitwa Bagamoyo"

Hii ndo mama yao. Tumefundishwa shuleni, wanaotembeza wageni wanaisema kwa sauti ya huzuni, mgeni anatoa kitambaa anafuta machozi. Sisemi utumwa haukuwepo, ulikuwepo, watu walipita hapa wamefungwa na wengine walibaki wakilimishwa mashamba ya matajiri wa mji huu huu, hilo halina ubishi. Ila jaribu kusikiliza hilo neno kama Mswahili. Mtu anabwaga nini? Anabwaga mzigo. Na bwaga moyo kwa Kiswahili cha zamani ni tulia, ondoa wasiwasi, pumzika. Na wenye mizigo walikuwa nani? Wapagazi. Wanyamwezi wengi sana, kwa maelfu kila msimu, watu huru wanaofanya kazi ya kulipwa, wanashuka kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, mbele yao kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Malipo yao yalikuwa kitambaa cha merikani, kaniki, ushanga, na posho ya njiani. Ukitaka kujua ile safari ilikuwaje, Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone aliondoka hapa Machi 1871 akafika Tabora Juni, na yeye alikuwa anakimbiza watu kwelikweli. Sasa wewe umetembea miezi mitatu na pembe begani, unasikia harufu ya bahari, utasema nini zaidi ya bwaga moyo?

Wanahistoria wenyewe bado wanabishana kuhusu asili ya jina, kwa hiyo usinifanye mimi ndo hakimu. Ninachokataa ni kuona mji mzima umegeuzwa soko la watumwa na hakuna kingine. Bandari kubwa ya kusafirishia watumwa upande huu ilikuwa Kilwa Kivinje kule kusini, na mwaka 1873 Sultan Barghash alibanwa na Waingereza akasaini kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari (magendo yaliendelea, sawa, lakini biashara ya waziwazi ilikufa). Bagamoyo imenona hasa miaka ya 1870 na 1880, na kilichoinonesha ni pembe. Kwa hiyo ukifika pale Caravan Serai, kituo cha misafara ya zamani, mbali na minyororo uliza pia wapagazi walilala wapi, walikula nini, nani alikuwa anawauzia chakula. Utaona mwongozaji anachangamka, kachoka kuulizwa swali moja tu kila siku.

"Livingstone kazikwa Bagamoyo"

Hapana jamani. Huyu mzee alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake kina Susi na Chuma wakamtoa moyo wakauzika palepale chini ya mti, mwili wakaukausha wakaubeba miezi na miezi mpaka pwani. Ulifika kwa mapadri wa Bagamoyo Februari 1874 ukalala usiku mmoja, basi, ukavushwa Zanzibar, ukapelekwa Uingereza, akazikwa Westminster Abbey London Aprili 18 mwaka huohuo. Ile nyumba ya mapadri inapata umaarufu mpaka leo kwa sababu ya usiku mmoja! Na waliombeba njia yote ile hata majina yao wageni wengi hawayajui, hapo ndo mimi huwa nanuna kidogo.

Ila misheni yenyewe usiipite. Mapadri wa Roho Mtakatifu walihamia hapa kutoka Zanzibar mwaka 1868, ndo maana Wakatoliki wa Tanzania Bara walikuja kuadhimishia miaka 150 ya Ukatoliki Bara hapahapa mwaka 2018. Kuna makumbusho, kuna makaburi ya wamisionari ambao wengi walikufa vijana kabisa kwa homa, na kuna mbuyu una mnyororo umemezwa na shina, kipande kidogo tu kinachungulia. Watu wanaona mnyororo wanaanza tena, utumwa huo! Tuliyohadithiwa sisi ni kwamba kuna mama wa Kizungu alikuwa anafunga punda wake pale, mnyororo ukasahaulika, mbuyu ukakua nao. Punda, ndugu zangu.

"Abushiri alinyongwa pale kwenye mnara wa ufukweni"

Ule mnara unaeleza kwamba Wajerumani walikuwa wanawanyongea hapo Waafrika waliopinga utawala wao, hiyo ni sawa. Lakini Abushiri bin Salim mwenyewe, yule aliyeongoza vita dhidi yao, alinyongewa Pangani, Desemba 1889. Huku Bagamoyo siku chache kabla ya hapo Wajerumani walikuwa kwenye karamu, wamempokea Stanley na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kule Sudan, kutoka bara, na huyo Emin katikati ya sherehe akadondoka dirishani akaumia vibaya, katoka salama porini miaka yote ile anakuja kuvunjikia kwenye sherehe. Hiki kisa wageni hawahadithiwi ndo maana nakiweka.

"Ni beach kama ya Zanzibar, maji ya bluu, karibu tu na Dar"

Karibu ni kweli, kama kilomita 75, lami tupu, gari za kutoka stendi ya Makumbusho zipo. Ila maji ya bluu nani kakwambia? Mto Ruvu unamwaga tope lake baharini hapo kaskazini ya mji, kwa hiyo maji yetu yana rangi ya chai ya maziwa, mvua ikinyesha ndo kabisa. Halafu ufukwe ni tambarare, maji yakikupwa yanaenda mbali mpaka unajiuliza bahari imehama au vipi, unabaki na mchanga wa matope, kaa wanakimbia, ngalawa zimelala ubavu. Kuna jamaa nilikuja naye na mke wake, wamevaa nguo za kuogelea tayari tangu kwenye gari, wamefika saa sita mchana maji hayapo, jamaa ananiangalia mimi kama mimi ndo nimeyaficha.

Dawa yake rahisi, uliza mvuvi au angalia mwezi. Ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua, yanajaa sana na kukupwa sana, katikati yake yanatulia. Kuogelea subiri yajae. Yakikupwa nenda katembee zako, na hapo ndo pazuri zaidi kuliko kuogelea, utawakuta watu wanashona nyavu, wanapaka boti dawa, watoto wanacheza mpira kwenye uwanja ambao saa sita baadaye ni bahari.

Na huo huo uchache wa maji ndo umeuandikia huu mji historia yake. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, lakini majahazi yanaweza kukaa kwenye maji mafupi, meli kubwa hapana, mwaka 1891 makao makuu yakahamia Dar kwenye ghuba yenye kina. Na sisi wenyewe tulishamfanyia hivyo mwenzetu kabla, Kaole iliyo kama kilomita tano kusini ndo ilikuwa bandari kabla ya huku kushamiri, hata wale Wazungu wapelelezi Burton na Speke mwaka 1857 walianzia upande huo, mikoko na matope vikaziba mlango wake watu wakasogea.

"Kaole ni mawe tu, hamna kitu"

Ukienda peke yako mchana wa jua bila wa kukueleza, ndio, ni mawe. Magofu ya misikiti miwili, mmoja ni wa tangu karne ya 13, na makaburi, mengine yana nguzo ndefu zilizokuwa zimepachikwa bakuli za Kichina. Hebu waza, Uislamu wa pwani hii una umri gani, na watu wa hapa walikuwa wanakula kwenye vyombo vya China kabla hata Mreno hajaijua njia ya kuja huku. Kisima kipo, mbuyu wa kuzunguka ili uongezewe miaka upo (mimi nimeuzunguka mara nyingi, nadhani nitaishi kupita kiasi). Chukua bajaji au bodaboda, usitembee mwenyewe kwa miguu kupitia ufukweni, sehemu zile zimejificha na watu wamewahi kuporwa simu. Hilo sifichi eti kwa kuwa ni kwetu.

"Iko UNESCO tayari"

Bado. Tangu 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, inayoishia hapa, ipo kwenye orodha ya mapendekezo ya Tanzania. Iliyoingia kamili kwa upande wa pwani ni Mji Mkongwe wa Zanzibar na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ndo maana ukipita India Street utaona nyumba moja imekarabatiwa vizuri, jirani yake imebaki kuta na mlango wa nakshi unasimama peke yake. Wageni wengine wanasema mji umechoka. Labda. Lakini kwenye hizo nyumba wanakaa watu, kwa hiyo ukitaka kupiga picha mlango, piga hodi kwanza, mlango una mwenyewe.

"Bandari mpya inajengwa, nunua kiwanja fasta"

Hii nayo tumeishi nayo. Makubaliano na Wachina yalisainiwa 2013, Oman ikaingia, 2015 jiwe la msingi likawekwa kule Mbegani, 2019 Magufuli akasema yale masharti hayakubaliki, 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Katikati ya hapo madalali wamekula hela za watu vizuri tu. Kama umekuja kutembea tembea, habari ya kiwanja iache mpaka uende ofisi ya ardhi na akili zako timamu.

"Utapata jahazi la kuvuka Zanzibar, safari ya kishua"

Majahazi unayoyaona yanabeba mzigo. Kwenye picha yanapendeza, kwenye mkondo usiku ukiwa umekaa juu ya magunia huku unatapika hayapendezi. Abiria anapanda chombo kilichosajiliwa kubeba abiria, rudi Dar upande boti.

"Masaa mawili yanatosha, usiku hamna kitu"

Wanaosema hivi ndo wale wanaofika saa tano, wanapiga selfi Ngome Kongwe, wanakula chipsi, saa tisa wapo Bunju kwenye foleni. Bagamoyo ni mji wa alfajiri na jioni. Mchana watu wamelala kivulini, wewe unatembea juani na kofia yako unasema mji umekufa! Lala usiku mmoja. Jioni kuna vijana wa TaSUBa, kile Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981, ukipita jirani unasikia ngoma mtu anarudia pigo moja mara hamsini, na tamasha lao la kila mwaka likifika mji unafurika, chumba utafute mapema. Usiku wa giza, mwezi haujatoka, simama ufukweni uangalie taa za wavuvi wa dagaa baharini, utadhani kuna mji mwingine huko.

Kuhusu mavazi, hamna anayekukataza kitu ufukweni, ila ukiingia mitaani ni mji wa misikiti na wazee wamekaa barazani, jifunge khanga, salimia. Shikamoo yako moja itakufungulia milango kuliko hela ya mwongozaji.

Na soko la samaki. Watu wananiambia linanuka. Linanuka, ni samaki hao, mlitaka linuke nini? Boti zikiingia mnada unapigwa palepale mchangani, bei inapanda huku samaki bado anapumua, usiinue mkono kukuna kichwa ukajikuta umenunua ndoo ya vibua. Mgeni ambaye hajazoea amtafute mwenyeji amnunulie, au asubiri mnada uishe anunue kwa wachuuzi, atalipa zaidi kidogo lakini anajua anacholipia. Ukishapata changu wako mpeleke kwa akina mama wenye makarai hapo pembeni, wanamsafisha, wanamkaanga unamsubiri. Ndimu wanayo. Pilipili uombe, na ukiambiwa ni kali usijibu "mimi nimezoea".