Nani Hulipia Makala ya Fizikia Tunayosoma Bure?

Mwaka uliopita wahadhiri wawili wa idara yetu walipata habari njema katika wiki moja: makala yao yalikuwa yamekubaliwa kuchapishwa. Wa kwanza ni mwananadharia wa fizikia ya chembe za msingi, na makala yake yalitoka katika Journal of High Energy Physics bila yeye kuulizwa hata shilingi moja. Wa pili hutengeneza tabaka nyembamba za oksidi ya zinki kwa ajili ya seli za sola, kazi ambayo yeyote aliyewahi kukatikiwa umeme Kampala angeiona kuwa na faida ya karibu zaidi, lakini yeye aliletewa ankara ya dola elfu mbili na ushee. Aliomba msamaha wa ada kwa kuwa Uganda imo katika orodha ya nchi zinazosamehewa, akajibiwa kwamba mwandishi wa mawasiliano wa makala hayo, yaani yule anayewasiliana na jarida kwa niaba ya wenzake, yuko katika chuo kikuu cha nchi isiyo katika orodha, na kwa hiyo msamaha haupo. Alikuja ofisini kwangu na ankara mkononi, akaniuliza swali lililonifanya niandike haya: "Mwalimu, kwani huyu mwenzangu analipiwa na nani?"

Analipiwa na muungano uitwao SCOAP3, ambao shughuli zake huendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva. Ulianza kazi rasmi tarehe 1 Januari 2014, na umekwisha kugharimia zaidi ya makala 50,000. Ndani yake mna maktaba, taasisi za utafiti na mashirika ya ufadhili yapatayo 3,000 kutoka nchi zaidi ya 40, pamoja na mashirika ya kiserikali ya kimataifa kama CERN yenyewe na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Mwandishi hajazi fomu wala haombi kibali. Makala yakishapitiwa na wataalamu wenzake na kukubaliwa, muungano humlipa mchapishaji, hakimiliki hubaki kwa mwandishi, na makala hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyanakili na kuyatumia upya ilimradi amtaje aliyeyaandika.

Wengi wanaposikia maelezo haya hudhani kwamba tajiri fulani ameamua kutoa sadaka, na hapo ndipo wanapokosea. Fedha zinazotumika zilikuwa zikitumika tangu zamani, ila kwa njia nyingine. Maktaba za vyuo vikuu zilikuwa zikilipia usajili wa majarida ili wasomaji wao wayasome, huku asiyelipa akibaki mlangoni. Walichofanya waasisi wa SCOAP3, ambao mipango yao ilikuwa imekwisha kuandikwa kufikia mwaka 2007, ni kuuliza maswali mawili: je, kiasi kilekile kinachotoka mifukoni mwa maktaba hizo hakiwezi kukusanywa pamoja na kulipwa moja kwa moja kwa kazi ya kuhariri na kupitia makala, halafu mlango ukaachwa wazi? Na je, wachapishaji wakubali kushusha bei ya usajili kwa kadiri ya makala yaliyokwisha kulipiwa, ili maktaba isilipe mara mbili? Katika mpango ule bajeti yote ilikadiriwa kuwa yuro milioni 10 kwa mwaka, kisha wachapishaji wakaalikwa kushindana kwa zabuni, kila jarida likitaja bei yake kwa makala moja na kupimwa kwa bei hiyo pamoja na ubora wake. Mimi ninayeketi katika kamati ya maktaba nimezoea kuona mchapishaji akitaja bei nasi tukitafuta namna ya kuimeza, kwa hiyo kuona wachapishaji wakishindana kwa zabuni mbele ya wanunuzi waliokaa pamoja ni jambo ambalo bado hunifurahisha.

Msomaji mwerevu atasema kwamba wanafizikia wa chembe walikuwa wakisoma bure tangu awali, na atakuwa amesema kweli. Hata kabla ya intaneti walikuwa na desturi ya kutumiana nakala za awali kwa posta, na tangu mwanafizikia Paul Ginsparg alipoanzisha hifadhi ya mtandaoni ya arXiv mwaka 1991, karibu kila makala ya fani hii hupatikana humo kabla hayajafika jaridani. Basi kwa nini kulilipa jarida? Jibu ni kwamba nakala ya awali haijapitiwa na mtu, na kamati ya kupandisha vyeo haiihesabu, si hapa kwetu wala kwingineko. Jarida la fani hii limebaki kuwa mahali pa kupimiwa kazi kuliko pa kuisambazia, na gharama ya kupima ndiyo hasa ambayo muungano huu umekubali kuibeba.

Mgawo wa gharama hufuata uandishi. Nchi yenye makala mengi hulipa zaidi, na makala ya waandishi wa nchi kadhaa hugawanywa kati ya nchi hizo kwa kadiri ya waandishi wa kila moja. Hilo si jambo dogo katika fani ambamo, mwaka 2015, makala moja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yalitoka katika Physical Review Letters yakiwa na waandishi zaidi ya 5,000. Marekani, Ujerumani, Italia na Japani hubeba sehemu kubwa. Tangu mwanzo ilikubaliwa pia kwamba nchi zinazolipa zitaongeza kiasi kisichozidi asilimia 10 ili kuzifunika nchi zisizoweza kuchangia kwa sasa, na huo ndio mwavuli uliomfunika mwenzetu mwananadharia bila yeye kujua.

Udhaifu wa mpango kama huu unajulikana kwa kila aliyewahi kushiriki bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, huku Buganda. Ngoma ya saagala agalamidde ikilia, watu hutoka na majembe kusafisha kisima cha kijiji, lakini aliyebaki kitandani naye atateka maji jioni, kwa sababu kisima hakina kufuli. Usajili ulikuwa na kufuli: usipolipa husomi. Ufikiaji huria, yaani kila mtu kusoma bila kulipa, umeiondoa, na kila maktaba inayokatiwa bajeti inaweza kujiuliza kwa nini iendelee kulipia kitu ambacho itakipata hata isipolipa. Kwa Kiswahili cha mjini tungewaita hao wadandiaji. Muungano umedumu kwa muongo mzima na zaidi licha ya kishawishi hicho, nami naamini sababu ni kwamba jamii yenyewe ni ndogo, watu wake wanajuana, na katikati yao ipo maabara moja inayoheshimiwa na wote. Hata hivyo haikuwa safari ya mteremko. American Physical Society, chama cha wanafizikia cha Marekani ambacho majarida yake ni uti wa mgongo wa fani, hakikuwemo mwaka 2014, na kilijiunga mwezi Januari 2018 tu. Baada ya hapo ndipo ilipowezekana kusema kwamba takriban asilimia 90 ya makala ya fani hii yamefunguliwa.

Mwenzangu wa oksidi ya zinki aliniuliza, na kwa haki, kwa nini fani yake isifanye hivyo hivyo. Nilimweleza kwamba fizikia ya chembe ina majarida machache yanayobeba karibu kila kitu, yakahesabika na kuwekwa kwenye zabuni moja. Fizikia ya mata, ambayo ndiyo fani yake, imetawanyika katika mamia ya majarida ya wenye mali wengi, ikichanganyikana na kemia na uhandisi, na hakuna maabara moja ambayo sauti yake husikilizwa na wote. Huko utaratibu uliotawala ni wa kumlipisha mwandishi, na bei hupanda kama ipendavyo: mwaka 2020 wachapishaji wa jarida la Nature walitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja, ambayo kwa fedha yetu ni karibu shilingi milioni 40.

Utaniambia kwamba upo msamaha kwa nchi maskini. Upo, na umewasaidia wengi, lakini una tabia mbili nisizozipenda. Kwanza ni lazima uombwe, na anayeomba anaweza kukataliwa kwa sababu ya anwani ya mshirika wake, kana kwamba kosa la mtafiti wa Uganda ni kupata mshirika ng'ambo. Pili, hufuata makundi ya kipato ya Benki ya Dunia. Tanzania ilipandishwa Julai 2020 kuingia kundi la kipato cha kati cha chini, na kwa wachapishaji wengi kupanda huko humtoa mwandishi kwenye msamaha kamili na kumwingiza kwenye punguzo la nusu bei, ingawa bajeti ya idara yake haikupanda siku hiyo. Sisi tunaolilia kuingia kundi hilo tujue kwamba ankara zinatusubiri humo.

Ndiyo maana nimefikia msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanauona wa ajabu: Uganda ichangie SCOAP3, japo hakuna anayetudai. Tuseme sehemu yetu ni makala moja katika kila 10,000. Katika bajeti ya yuro milioni 10 mchango wetu ungekuwa yuro 1,000, yaani takriban shilingi milioni 4, ambazo ni pungufu ya ile ankara iliyoletwa kwa mtu mmoja kwa makala moja. Kiasi hicho kingeweza kupitia muungano wa maktaba za vyuo vikuu vya Uganda, ambao umezoea kujadiliana na wachapishaji kwa niaba yetu. Nchi zinazochangia huwakilishwa katika baraza linaloongoza mpango, zikisikika wakati masharti ya zabuni yanapoandikwa. Anayefunikwa na mwavuli wa asilimia 10 hupata ufikiaji, ila hapati kiti. Afrika Kusini ni miongoni mwa wanaochangia. Kwenye bulungi bwansi hata asiye na jembe huja na panga lake, na hakuna anayemwambia arudi nyumbani kwa kuwa ni maskini.

Nilipoiwasilisha hoja hii katika kamati yetu, pingamizi halikutoka kwa wanafizikia. Lilitoka kwa mhasibu, mama mwenye subira nyingi, ambaye aliniuliza malipo hayo ataandika chini ya fungu gani. Fungu la majarida hudai ankara na uthibitisho kwamba chuo kimepewa ufikiaji ambao hakikuwa nao, ilhali majarida haya tunayafikia tayari. Fungu la ada za kuchapisha hudai jina la mwandishi na makala yake. Tulizunguka na swali hilo kwa karibu saa nzima, mpaka mkutubi mkuu akakumbuka kwamba chuo hulipa kila mwaka uanachama wa vyama kadhaa vya kitaaluma ambavyo havituletei kitu chochote cha kupokelewa stoo. Mhasibu akaandika neno "uanachama" kwa penseli, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, na karatasi hiyo sasa iko kwa mkaguzi wa ndani.